Gogo la Mpingo: Bei Hupangwa na Nani, Mwenye Msitu au Mwenye Lori?

SENTI nane za dola ya Marekani. Hicho ndicho kiasi kilichokadiriwa kuwafikia wanavijiji wa Wilaya ya Kilwa kwa kila gogo lililokatwa katika misitu yao, wakati misitu hiyo ikiwa haina mpango wala msimamizi. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipopata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi wa misitu yao ya asili, makadirio yalibadilika na kuwa zaidi ya dola 19 kwa gogo.

Mti ni uleule na bandari ni ileile. Tofauti ni zaidi ya mara 230. Wafanyabiashara wengi wa mbao huliona jambo hili kama suala la wahifadhi na wafadhili, lisilowahusu watu wa soko. Hesabu zinaonyesha vinginevyo. Historia ya misitu ya kusini mwa Tanzania ni historia ya bei: nani ana haki ya kuitaja, nani huipokea, na nini hutokea bidhaa inapouzwa na mtu asiyekuwa mwenyewe.

SANDARUSI, MPIRA NA BORITI

Biashara ya misitu katika pwani ya kusini haikuanza na magogo. Katika karne ya 19, bidhaa iliyotafutwa na wanunuzi wa nje ilikuwa sandarusi, utomvu wa zamani uliochimbwa ardhini katika maeneo ya pwani, Rufiji ikiwa mojawapo. Sandarusi ilipitia Zanzibar hadi Salem huko Marekani na Hamburg nchini Ujerumani, ambako ilitumika kutengeneza vanishi ya samani. Pamoja nayo ilikwenda nta, na baadaye mpira wa porini. Kutoka delta ya Rufiji majahazi yalibeba boriti za mikoko hadi Zanzibar, Oman na Ghuba ya Uajemi, nchi zenye uhaba wa miti ya kuezekea nyumba.

Katika biashara hiyo mwanakijiji hakuwa mwenye hati ya msitu, lakini alikuwa mchumaji na muuzaji. Alichimba mwenyewe, akabeba mwenyewe, na kubishana bei na mfanyabiashara wa pwani. Kama bei haikumridhisha, alirudi shambani.

Hali hiyo ilibadilishwa na utawala wa Wajerumani. Amri ya mwaka 1895 ilifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Mikoko ya Rufiji iliwekwa chini ya maofisa wa misitu kabla ya karne kumalizika, na hifadhi nyingine zikafuata. Ukataji, uchomaji wa mashamba mapya na uwindaji, mambo ambayo yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, yakahitaji ruhusa au yakawa kosa.

Vita vya Maji Maji vilianzia katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, Julai 1905, pale wananchi walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Pamba na kodi ndivyo vinavyotajwa zaidi kuwa chanzo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax kilichotoka 2009, anaonyesha kwamba masharti ya misitu nayo yalikuwa miongoni mwa malalamiko. Mkulima aliyefungiwa pori alikuwa amepoteza shamba la akiba, dawa, nyama na bidhaa ya kuuza kwa wakati mmoja.

LESENI INATOKA MJINI

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliunda Idara ya Misitu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mvunaji alikata leseni serikalini, akalipa ushuru wa mti serikalini, kisha akaenda kuvuna. Sheria ya Misitu ya mwaka 1957 iliendeleza utaratibu huo, na Tanzania huru ikaendelea kuutumia kwa zaidi ya miaka 40.

Ni vyema kuutazama utaratibu huu kwa jicho la biashara. Muuzaji, yaani serikali, alikaa mbali na ghala. Mlinzi, yaani mwanakijiji, hakulipwa chochote kwa kulinda. Mnunuzi ndiye peke yake aliyekuwa ghalani akijua nini kinachotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lakini lilikuwa mjini, na gogo lilikuwa porini.

Katikati ya hayo watu wenyewe walihamishwa mara zaidi ya moja. Katika miaka ya 1940 wakazi wa sehemu za Liwale walikusanywa katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya Watanzania. Familia ziliacha miembe, makaburi na mapori waliyoyafahamu, zikawekwa kando ya barabara. Mapori yaliyoachwa yakawa ya kila mtu, na cha kila mtu si cha mtu.

Lakini operesheni hiyohiyo ilizaa jambo ambalo halikutarajiwa kuwa na thamani ya kibiashara. Sheria ya vijiji ya 1975, na baadaye sheria ya serikali za mitaa ya 1982, ziliipa Halmashauri ya Kijiji hadhi ya kisheria. Kijiji kiliweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Miaka 20 baadaye, chombo hicho ndicho kilichosimama kudai msitu.

DARAJA LAFUNGUA SOKO

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, umbali ndio uliokuwa mlinzi mkuu wa misitu ya Kilwa, Lindi na Rufiji. Malori yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika barabara ya kusini haikupitika. Gharama ya kusafirisha ilimeza faida ya mninga na mkongo, na wafanyabiashara wengi waliona heri kununua kwingine.

Agosti 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa. Kwa mkulima wa korosho na mvuvi ilikuwa neema. Kwa msitu, mlinzi aliondoka lindoni. Wakati huohuo wanunuzi kutoka China na kwingineko Asia walikuwa wakitafuta magogo ya miti migumu. Magogo yakaanza kushuka Dar es Salaam kwa wingi ambao haukuwa umeonekana.

Ripoti ya shirika la TRAFFIC iliyotolewa 2007 iliweka hesabu hadharani. Ilikadiria kwamba nchi ilikuwa ikipoteza dola milioni 58 kwa mwaka katika biashara ya mazao ya misitu ya asili. Hadi asilimia 96 ya maduhuli yaliyopaswa kukusanywa na serikali kuu na wilaya hayakukusanywa. Takwimu za forodha za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa na Tanzania yenyewe kuwa zimesafirishwa. Usafirishaji wa magogo nje ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 2004, lakini marufuku huja baada ya lori kupita.

Waliofaidi walikuwa wachache. Mwanakijiji alipata kibarua cha kukata na kuvuta magogo, kisha alibaki na visiki. Hata mfanyabiashara mdogo aliyelipa ushuru wote aliumia, kwa sababu sokoni alishindana na mtu aliyekuwa na mzigo usiolipiwa. Msitu ukigeuka shamba la bibi, mtu wa kwanza kufilisika ni yule anayefuata sheria.

KIJIJI CHAWA MUUZAJI

Mabadiliko ya sheria yalikuwa yameanza kabla ya daraja. Chanzo chake kilikuwa mbali na Kilwa, katika misitu ya Duru-Haitemba, Babati. Huko serikali ilitaka kuifanya misitu ya miombo ya hekta zipatazo 9,000 kuwa hifadhi yake. Wananchi walipinga, na kwa kuhofia kunyang'anywa, wengine wakakimbilia kukata kabla ya mipaka kuwekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilibadili msimamo na kuviachia vijiji vinane kila kimoja kisimamie sehemu yake. Vijiji viliweka sheria ndogo, vikateua walinzi, na uvamizi ukapungua bila bajeti ya serikali kuongezwa.

Uzoefu huo uliingia katika Sera ya Misitu ya 1998. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaeleza ardhi ya kijiji ni ipi na nani anaisimamia. Kisha ikaja Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002, iliyoanza kutumika Julai 2004. Chini ya sheria hiyo, kijiji chenye mipaka inayotambulika, mpango wa usimamizi na sheria ndogo kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, kutoa vibali vya kuvuna, kutoza faini, na kubaki na mapato yote ya mauzo. Baadhi ya vijiji, kwa makubaliano, huiachia wilaya sehemu ndogo kwa ajili ya huduma za wataalamu.

Kilwa ilikuwa na mali ya kuanzia, nayo ni mpingo. Mti huu ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya kama klarineti na obo, na ndio unaochongwa vinyago vya Wamakonde. Mradi wa utafiti wa mpingo ulioanza miaka ya 1990, ambao baadaye ulikuja kuwa shirika la MCDI, ulisaidia vijiji kupima miti, kuchora mipaka na kuandika mipango. Cheti cha 2009 kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Vijiji vingine vilifuata, kikiwemo Nanjirinji A chenye msitu wa zaidi ya hekta 60,000. Fedha za mauzo zimeonekana katika visima, nyumba za walimu na ofisi za vijiji.

Utaratibu wa mauzo si mgumu kuuelewa. Miti huhesabiwa kwanza, na kiwango cha kuvuna kwa mwaka hupangwa kutokana na hesabu hiyo. Mpingo usiofikia kipenyo cha sentimita 24 haukatwi. Mnunuzi hufika kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, huingia mkataba na halmashauri ya kijiji, hulipa, na miti huchaguliwa na kupigwa nyundo. Baada ya hapo ndipo hati ya kusafirishia hutolewa. Kila hatua ina karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha mnunuzi wa nje kujua gogo lilitoka kisiki kipi.

UFUTA NDIO MPINZANI

Adui wa msitu wa Kilwa leo si shoka la mfanyabiashara wa magogo peke yake. Ni ufuta. Ni zao kuu la biashara katika wilaya hiyo, hupenda ardhi mpya, na humlipa mkulima ndani ya msimu mmoja. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Hesabu ya riba inaeleza tatizo lote. Mtu akitumia sh. 1,000 kupanda na kutunza mche wa mpingo, na fedha hizo kama angeziweka kwingine zingemletea asilimia 10 kwa mwaka, basi baada ya miaka 70 mti huo lazima umlipe karibu sh. 790,000 ndipo asiwe amepata hasara. Hapo hajahesabu moto, wezi wala uzee wake mwenyewe. Ndiyo maana karibu mpingo wote unaofika sokoni ni ule ulioota wenyewe. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusubiri kiasi hicho. Kijiji kinaweza, kwa sababu kijiji hakifi, na kwa sababu kila mwaka kuna mti ambao zamu yake imefika.

Lakini kijiji nacho kina watu, na watu wana watoto wa kusomesha. Mkutano mkuu wa kijiji unapokaa kuamua kama eneo fulani libaki msitu au ligawiwe kuwa mashamba, mezani huwa kuna bei mbili. Moja ni ya gunia la ufuta, ambayo kila mmoja anaijua na humfikia mkononi. Nyingine ni ya gogo, ambayo huingia katika akaunti ya kijiji. Kama akaunti hiyo haisomwi hadharani, au fedha zikiishia kwa viongozi wachache, ufuta hushinda. Usimamizi wa msitu huanza na usimamizi wa daftari.

NGITILI ZA SHINYANGA

Faida ya msitu wa kijiji si magogo tu. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umekatwa miti kwa amri na kwa haja: kuua mbung'o, kupanua mashamba ya pamba, na baadaye kujenga vijiji vipya. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Badala ya kuleta miche peke yake, mradi ulirudia mila ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi.

Wakati mradi unaanza zilirekodiwa hekta 611 tu za ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Utafiti wa 2005 ulikadiria kuwa kuni, malisho, dawa, nguzo, asali na mazao mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mwananchi wa vijijini yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Sehemu kubwa ya thamani hiyo haikupita sokoni. Ilikuwa gharama ambayo familia haikulazimika kuitoa mfukoni. Mwenye kupima msitu kwa mbao peke yake huacha nusu ya hesabu nje.

PANAPOVUJA

Si kila kitu kimekwenda sawa. Kuandaa msitu wa kijiji hadi kufikia mauzo, kwa maana ya upimaji, ramani, mpango na doria, ni gharama ambayo vijiji vingi visingeimudu bila wafadhili. Cheti cha kimataifa nacho kina gharama zake za ukaguzi, na soko la ndani halilipi shilingi moja zaidi kwa mbao yenye cheti. Kanuni zilizotolewa mwaka 2019 ziliongeza nafasi ya wilaya na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) katika kuidhinisha uvunaji, hivyo mnunuzi akalazimika kuhesabu muda mrefu zaidi kati ya mkataba na mzigo.

Mpingo una masharti yake pia. Tangu Januari 2, 2017, aina zote za jamii ya Dalbergia ziko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti ya vibali, lakini magogo na mbao za mpingo hazikuguswa na msamaha huo. Aidha, mpingo hupinda na huoza moyo. Gogo likipasuliwa kwa ajili ya zumari, kinachofaa huwa chini ya asilimia 10. Anayenunua kwa kuangalia unene wa gogo hujikuta amelipia kuni. Thamani hupatikana kwenye kiwanda cha kupasua na kukausha, na huko ndiko mtaji mdogo wenye ujuzi unaweza kupata nafasi kuliko kwenye msumeno wa porini.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Upimaji wa taifa uliotolewa 2015 ulionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu asilimia 46 ya hizo ziko katika ardhi za vijiji. Upimaji huo ulikadiria pia kuwa mahitaji ya miti yanazidi uwezo wa misitu kwa meta za ujazo milioni 19.5 kwa mwaka. Mwenye mtaji hahitaji kuambiwa maana ya upungufu huo. Anachohitaji ni kujua anunue kwa nani.

Kwa anayefikiria kununua katika msitu wa kijiji, mambo manne yatamsaidia kuepuka hasara. Kwanza, aone mpango wa usimamizi na kiwango cha kuvuna cha mwaka huo, si maneno ya mwenyekiti. Pili, ahakikishe mauzo yamepita katika mkutano wa kijiji na muhtasari upo, kwa sababu mkataba wa watu wawili chini ya mwembe huvunjwa na uchaguzi unaofuata. Tatu, alipe katika akaunti ya kijiji na kudai stakabadhi. Nne, asiondoe mzigo bila alama ya nyundo na hati ya kusafirishia, hata kama lori limekodiwa kwa siku na dereva anapiga honi.

Wapo watakaosema utaratibu huu ni mrefu, na kwamba gogo la kuokota njiani ni rahisi zaidi. Ni kweli ni rahisi kwa safari ya kwanza. Waliopita Rufiji baada ya 2003 walipata magogo rahisi, na baada ya miaka michache miti mikubwa ya karibu na barabara ilikuwa imekwisha. Vijiji vilivyofunga mipaka ndivyo vilivyobaki na miti ya kuuza mwaka uliofuata.

Gogo la senti nane lilikuwa rahisi kwa sababu halikuwa na mwenyewe wa kulijaza tena ghala. La dola 19 ni ghali, lakini mnunuzi akirudi mwakani atalikuta jingine.